Upupu wa Rau

Darasa la sita B, mwezi wa nane, upepo mkavu
unatelemka kutoka Kiboriloni na vumbi lake,
nami ukingoni mwa msitu wa Rau
napukuta maganda ya upupu ndani ya kiberiti kitupu,
kwa kijiti, pumzi nimeibana,
kama karani anayepima dhahabu isiyo yake.
Manyoya yake rangi ya simba. Hayana haraka.

Kiti kilikuwa cha Mwalimu Ndekirwa.

Sitasimulia alivyocheza. Mliokuwepo mnajua.
Mlimwona akitoka, hesabu za sehemu zimebaki ubaoni,
robo tatu haijajumlishwa,
akaenda nyuma ya jiko la shule kuomba majivu.
Alirudi saa nne, suruali imegeuka kijivu,
akaandika jibu: saba juu ya nane.
Sauti haikupanda. Hakuuliza ni nani.
Hilo ndilo lililoniwasha.

*

Sikujua lolote juu ya nilichokitia kiberitini.
Sikujua kwamba kabla ya kuwasha huchanua,
zambarau iliyokolea, vishada kichwa chini
kama mavazi ya padri ya Kwaresima yaliyofuliwa yakaanikwa.
Kwamba ni ndugu wa maharage, wa choroko, wa kunde,
ukoo mzima uko mezani na huyu hakaribishwi,
na huko chini, mizizini,
anaulisha udongo uliochoshwa na mahindi
bila kudai, bila risiti.
Wala kwamba hana mate ya nyoka:
ni sindano tu, elfu kwa maelfu,
ganda limejivika ili mbegu iachwe ilale.

Bibi Anasieli wa Uru aliniambia nikiwa mtu mzima:
mwaka ule kahawa yote ilipimwa ikapelekwa,
hata ya kuokota chini ya mibuni,
walikaanga punje za upupu kwenye chungu,
wakatwanga, wakanywa.
"Ilikuwa nyeusi," alisema. "Tukatosheka na hilo."
Sisi, watu wa kahawa.

*

Sasa nauza dawa, mtaa wa pili kutoka soko la Mbuyuni.
Karatasi ya daktari aliileta Aikande, bintiye.
Jina la mgonjwa nililisoma mara mbili.
Mikono inatetemeka. Hatua zinakwama mlangoni.
Na dawa iliyoandikwa, naikumbuka tangu chuoni,
kiini chake kimo ndani ya mbegu ile ile,
punje nyeusi yenye jicho jeupe;
waganga wa Bara Hindi waliwapa watetemekao unga wake
kabla daktari yeyote hajalipa tetemeko jina.

Nilimpelekea mwenyewe, Njoro, jioni.
Si mbegu. Vidonge. Mbegu haijui kipimo.
Alikuwa kibarazani, kikombe kimetiwa nusu kisimwagike.
Nikakohoa. Nikasema, Mwalimu, darasa la sita B, kile kiti...

"Kiberiti chako nilikiokota chini ya dawati," alisema.
"Na ulijikuna vidole wiki nzima mstarini.
Nani mwingine?
Ila nilikuwa na hesabu za kufundisha."

Tukanyamaza. Kibo ilikuwa imejifunika, kama kawaida yake
mtu akitaka pa kuelekeza macho.
Vidonge havitamponya, anajua, najua.
Vinampa saa mbili, tatu, za kufunga vifungo vyake mwenyewe,
na za siku ile zilikuwa zimekwisha.
Aliuinua mkono. Ukafika nusu ya bega, ukarudi.
"Mtu hujikuna ajipatapo," alisema,
"nami siku hizi sijipati."

Nikasogeza kigoda nyuma yake.

Juu kidogo, alisema. Kushoto.
Si hapo. Shuka.

Hapo.