Ritifaa

Nimeibofya mara mbili, kama inavyotakiwa.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kikanyamaza.
Hakuna dirisha. Hakuna hata kosa la kuomba radhi.
Kama nyumba unayoipigia hodi taa inawaka,
na taa ikazimwa.

Siku ya kwanza nikazima, nikawasha.
Faki wa Chake akasema kwenye simu: futa, pakia upya.
Nikafuta. Bando la elfu mbili likaisha
imefika asilimia sitini na moja.
Bi Tumu wa vocha akanikopesha,
akaniandika daftarini chini ya mdaiwa wa mchele.
Siku ya pili nikailaza kinga ya virusi.
Siku ya tatu umeme ukakatika Mkoani nzima
tangu adhuhuri, nami nikashukuru:
angalau sasa ipo sababu.

Mama yupo ukumbini, anashona kofia ya viua.
“Kwani inataka nini?”
“Haisemi.”
Akakata uzi kwa meno.
“Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Akinuna haneni,
ila ukimpekua mfukoni hukosi karatasi.”

Siku ya nne nikaipekua.
Folda ndani ya folda, na zile zilizofichwa,
mpaka nikaipata batli, mistari mia nne
ya kitu kinachojisemea peke yake gizani:
nimeamka
nimehesabu kumbukumbu, zinatosha
natafuta nyumba ya mwenyewe
nimepita C
nimepita Watumiaji
nimefika Mize wa Ng
sioni njia.

Mize wa Ng.
Hakuna duniani mahali paitwapo Ng.

Nikamkumbuka kaka yangu Shaame,
aliyeinunua ya mtumba, Darajani,
akaifuta vumbi, akaijaribu, na kabla ya kuitia melini
ikamuuliza: mwenye kompyuta ni nani?
Akaandika kwa mapenzi yake yote
Mize wa Ng'ombeni,
na ritifaa pale pake,
kama alivyotufunza Mwalimu Asaa, skuli, darasa la pili:
“Mkiacha kile kidoa, ng'ombe wenu hana pua.”

Kumbe kwa mashine kidoa kile si pua.
Ni mlango. Hufungulia maneno, hufungia maneno.
Ilifika mpakani mwa kijiji chetu
ikadhani mazungumzo yamekwisha,
ikageuka, ikaondoka,
mara ngapi sijui, siku nne,
na mie nikiibofya.

Nikamfungua mtumiaji mwengine.
Jina?
Nilikaa na swali lile muda mrefu kuliko linavyostahiki.
mize, nikaandika. Herufi ndogo. Bila kwetu.
Programu ikafunguka kabla sijashusha pumzi,
nyeupe, na kile kijiti kinakonyeza
kama kwamba hapakuwa na ugomvi.

“Imesema?”
“Imesema.”

Nilikuwa nimepanga kuanza na viua vya mama,
kuvihesabu, kuvichora, safu kwa safu.
Nikaanza na jengine.
Ipo njia, nimeisoma: mbele ya ritifaa
unauweka mkwaju uliolalia nyuma,
kama mtu anayekwenda na mgeni mlangoni
akamsemea: huyu wetu, mwacheni apite.
Nikaandika mstari mmoja. Nikauendesha.
Chini, kwenye weusi, ikanijibu

Mize wa Ng'ombeni

na pua yake.

Mama akaja kusimama nyuma yangu, miwani usoni.
“Siku nne, kwa hilo tu?”
“Kwa hilo tu.”
Hakusema kitu. Akarudi kwenye mkeka,
akaielekeza kofia kwenye dirisha:
safu ya tano, kitobo kimoja hakipo,
na juu yake safu kumi na moja zimeshakamilika.
Akachukua sindano
akaanza kufumua.