Chepechepe

Nyuma ya jiko, baina ya kisima na kitalu cha Bi Ngwali,
pana pahala hapajakauka tangu tuhamie Kangagani.
Masika yamekwisha, watu wanafagia vumbi,
pale pangu bado panasema chepe, chepe,
pamemeza kandambili ya mjukuu wa jirani
pakarudisha povu.

Mwaka wa kwanza nilipapelekea mwasmini.
Ndoa ingali mbichi, nilitaka harufu dirishani.
Ukapiga njano. Nilipoung'oa
mzizi ulinuka yai viza.

Mwaka wa pili, mikarafuu miwili.
Shaame aliipanda kwa bismillahi na kamba ya kupimia.
Wiki ya tano imesimama mikavu kama njiti,
imekufa kiu, ungedhani,
katikati ya maji.

Mwaka wa tatu sikupanda. Mwaka ule sitausema.

Shemeji Asaa akaja na rai ya gari mbili za kifusi:
"Pajaze, upasakafu, uanike karafuu."
Nikampa chai. Nikampa na bei ya kifusi.
Hakurudi na rai.

Asubuhi moja nimechutama naosha masufuria
nikaona vilivyomo bila kualikwa:
ndago, vyura watatu,
gugu la ua jeupe nisilolijua jina,
vyote vimenona, havina habari na msiba wangu.
Pale hapakuwa na ugonjwa.
Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka wageni
wasiojua kuogelea.

Nikashuka bondeni kwa Bi Time, mwenye konde la mpunga.
Hakuniuliza ukubwa wa pahala. Aliniuliza:
"Ukikanyaga, maji yanakufika wapi?"
Kati, kifundoni. Pembeni, vidoleni.
"Basi kati tia majimbi. Pembeni, miwa.
Na ukingoni, pale unyayo unapoacha alama
lakini alama haijai maji,
mkindu. Uweke mbali na mlango, una miiba.
Mkeka wake utaungoja."
Akanifungia mbegu saba kwenye kipande cha kanga,
udongo ukachuruzika mpaka nyumbani.

Sasa majani ya majimbi yamenipita kiuno.
Mvua ikinyesha, tone hukaa juu yake zima,
huzunguka kama lebasi,
haliloi jani, jani halilinyimi kitako.
Mkindu haujafika gotini. Nangoja.
Mwasmini ninao pia: kwenye kopo la samli,
dirishani, miguu mikavu, unanukia utakavyo.

Jana tumechimba shina la kwanza.
Nililipika kwa nazi, halikuiva vyema, likawasha;
Shaame alikula akijikuna ulimi
akaomba jingine.
Na pale shimoni, chini ya mizizi,
kandambili, buluu, nzima, imejaa tope.
Nikaiosha, nikaipitisha juu ya kitalu.
Mtoto akaijaribu, akacheka:
kisigino chote kiko nje.