Mtu Mwenye Kifua

Mtaani kwetu Plovdiv, juu ya duka la saa,
wanasema Lyuben ana kifua.
Miaka thelathini na nane nawazungushia wanaume utepe:
najua nani bega lake moja limeshuka,
nani huvuta kitambi ndani nikipiga magoti,
bwana harusi gani alikonda kwa hofu,
na sijamtoa mtu nje.
Siri ikiingia kwangu, hushonwa.

Halafu siri ikaja kukaa humohumo kifuani.

Mwaka juzi, theluji ikiyeyuka,
shati liligusa chuchu nikaruka kama niliyechomwa sindano.
Nikapapasa. Chini yake kitu kigumu,
kifungo cha koti,
kushoto, kisha na kulia.
Nikasema ni mafuta. Nikaacha mkate.
Mkate uliniacha; kitu hakikuniacha.

Basi nikafanya ninachokijua.
Nikajishonea vizibao sita,
kitambaa kizito, bitana mbili,
nikavivaa Julai, lami ikiyeyuka,
wateja wakisifu: fundi, umependeza kama wakili.
Mtoni sikwenda tena. Taa ya chumbani nikaizima mapema.
Kumficha mtu kwa nguo ndiyo kazi yangu;
sikujua kuwa aliye ndani ya nguo
hukosa hewa.

Mficha uchi hazai, tunaambiwa.
Mimi nilikwisha kuzaa, watatu,
nikadhani methali hainihusu.

Kliniki, ghorofa ya pili, chumba cha picha za matiti.
Viti kumi na viwili, wanawake kumi na mmoja.
Bibi mmoja akahamisha mkoba wake wa vitunguu:
"Umemleta mkeo, mwanangu?"
"Nimejileta mwenyewe."
Akatazama kizibao. Akatazama dirisha.
Kisha akanimegea nusu ya biskuti yake:
"Kaa. Mashine ni baridi, lakini haing'ati."

Fomu iliuliza: hedhi ya mwisho lini?
Nikaandika: bado naisubiri.

Daktari Rayna Tsankova, umri wa kitindamimba wangu,
hakucheka wala hakunihurumia;
nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.
"Vua," akasema, kama ninavyowaambia watu mimi.
Vidole vyake vikazunguka taratibu
kama vya mtu anayetafuta sarafu
iliyopenya tundu la mfuko ikaangukia kwenye bitana.
Akauliza ninakunywa nini. Rakia, Jumapili. Na Jumatano.
Akauliza ini. Akauliza korodani, akazipima pia,
nami nikahesabu vitobo vya dari.
Akauliza kama chuchu zinatoa maji, au damu.
Akasema wazi: saratani humpata hata mwanamume,
ndiyo maana tunatazama, hatubahatishi.

Picha zikarudi. Siyo hiyo.
"Unameza dawa gani?"
Nikamtolea kikaratasi. Kidole chake kikasimama
kwenye kidonge cha moyo, kile cha kukausha maji miguuni,
miaka mitatu, kila asubuhi, kwa mtindi.
"Huyu hapa," akasema.
"Usikiache kwa uamuzi wako. Nitaongea na daktari wa moyo, kipo kingine.
Huenda yakapungua. Kama yamekwisha kukomaa, huenda yasipungue;
kisu kipo, ukitaka. Usipotaka, ni mwili tu."

Ni mwili tu. Nikashuka ngazi na neno hilo
kama kipande cha kitambaa nisichojua nitakatia nini.

Nyumbani Stanka alikuwa akimenya pilipili za kuchoma.
Nikamwambia yote kwa pumzi moja.
Hakuweka kisu chini.
"Lyuben, fulana zako hujifua zenyewe?
Mwaka na nusu nasubiri useme."

Nikacheka mpaka yakauma, yote mawili.
Nikavua kizibao palepale jikoni, mchana, dirisha wazi.
Nikampa utepe. Akauzungusha, mikono ikinuka moshi,
ncha ya chuma, baridi, ikagusa panapouma.
"Mia na saba," akasoma,
akatafuta penseli.
"Andika," nikasema. "Usipunguze."