Tetroni Hairudi

Nilimwambia Mwanaidi: suruali imerudi.
Maji haya ya kisima cha Tandika, chumvi tupu,
yanakula nguo kama mchwa.
Akaniangalia. Akaendelea kupepeta mchele.

Mimi fundi.
Miaka kumi na tisa cherehani ipo barazani
na najua, pamba hurudi, kitani hurudi,
tetroni hairudi.
Nikafumua mshono wa nyuma hata hivyo,
nikaachia inchi moja, nikalaumu kisima.

Daktari alikuwa ameshaandika kwenye daftari:
sukari kumi na moja nukta mbili.
Nikaitikia kila neno kama mtoto wa madrasa.
Kutoka tu getini, mihogo inachemka kwenye karai,
kachumbari pembeni, pilipili ya kusaga.
Nikawaza: muhogo ni mzizi.
Na mizizi si ndiyo dawa?

Tangu siku hiyo nikawa wakili wa tumbo langu.
Chapati ya kumegewa haihesabiki, haikuwa yangu.
Andazi lililopasuka limeshamwaga mafuta yake.
Chipsi mayai nilikula nimesimama,
na aliyesimama hajala, ameonja.
Arobaini ya Mbagala niliongeza pilau mara mbili
kwa heshima ya marehemu.
Marehemu mwenyewe sikumjua.
Na Jumatatu, ah, Jumatatu ya kuanza
ilikuwa karibu sana
tangu Machi.

Jana akaja Bi Zamoyoni na gauni la harusi ya bintiye,
zipu imegoma katikati ya mgongo.
"Fundi, kitambaa chako kimerudi."
Nikaligeuza, nikapapasa ukingo.
Tetroni.
Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.
"Unanicheka?"
"Hapana, mama. Najicheka mimi."
Nikalipanua, pesa sikuchukua.

Usiku, duka limefungwa, nikachukua futi,
hii hii ninayopimia watu bila huruma,
nikaizungusha kiunoni.
Nikavuta pumzi, tumbo likaingia ndani.
Halafu nikaona haya.
Giza lote hili, namwibia nani?
Nikaachia.
Arobaini na nne.
Nikaiandika kwa chaki chini ya mfuniko wa cherehani,
mahali ambapo mteja haoni
nami siwezi kutia uzi bila kuiona.

Nyumbani nikamweleza Mwanaidi habari ya kisima.
Hakushangaa hata kidogo.
"Tetroni hairudi, baba Shomvi," alisema.
"Jirudi wewe."

Leo asubuhi mama wa mihogo ameniita kwa mbali:
"Fundi! Vyako nimekutengea, vile vya kuungua pembeni!"
Moyoni wakili akasimama, akakohoa,
akaanza: Muhogo, waheshimiwa, ni...
Nikamwambia keti.

Hakuketi. Amesimama mpaka sasa, saa sita hii,
ananiangalia nikitafuna tango
lisilo na ladha wala kesi.