Mpaka Alhamisi

Saa kumi alfajiri, Nebraska. Theluji haijaamua
kama itaanguka au itatishia tu.
Niko jikoni na bahasha ya bili ya umeme;
mgongoni mwake nimepiga mstari wima:
kushoto Kampuni, kulia Mimi.

Miaka kumi na mmoja naendesha lori la watu.
Jeupe, namba 4417, lina kamera ya kunitazama usoni.
Nikipiga mwayo, mtu Omaha anapata taarifa.
Nikisinzia, kompyuta inasema bado;
nikiwa macho kama bundi, inasema lala.
Brantley, mpangaji mizigo, hajawahi kurudisha tela nyuma
hata hatua tatu, lakini kila Krismasi
ananiandikia kwamba sisi ni familia.
Haya. Ila likizimika njiani
napiga simu moja, navuta blanketi.
Ugonjwa wake si ugonjwa wangu.

Jana nilikwenda kwa Orval Dusek, kusini ya Kearney.
Peterbilt ya buluu, magoti ya mwenyewe yamemkataa ngazi.
Hakulisifia. Aliliwasha tu, akanyamaza,
akaniacha nisikilize.
Kisha akanipa daftari la penseli:

*Machi 3. Tairi mbili, nje kulia.
Machi 19. Pampu ya maji.
Juni. Hakuna mzigo.
Juni. Hakuna mzigo.
Agosti. Siku nne Laramie, nangoja kipuri. Supu ya kopo.
Septemba. Nimekataa mzigo wa Chicago.
Nimekwenda kuvua na Arlene.*

Ukurasa ule niliurudia mara tatu.
Si kwa ajili ya tairi, si kwa ajili ya pampu.
Nimekataa.
Miaka kumi na mmoja, sijawahi kuliandika neno hilo.

Basi nahesabu. Dola tatu kwa maili ni nyingi
mpaka uzihesabu maili za kurudi mtupu.
Dizeli. Bima ya lori. Kodi. Tairi kumi na nane,
na kila moja ina siku yake ya kufa.
Upande wa kulia umejaa hadi kwenye stempu.
Upande wa kushoto nimeandika neno moja: Verlyn.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
mashine inamfua damu kama shati.
Kampuni inalipa.
Husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako.
Aliyesema hivyo hakuwa na mume mwenye figo mbili zilizolala,
hakuiona hesabu ya hospitali
yenye tarakimu ndefu kuliko namba ya simu.
Hii ya kuazima imetusitiri, sote wawili,
miaka minne, na bado nailalamikia.

Amesimama mlangoni, soksi moja mguuni.
Hajauliza bei.
“Lina rangi gani?”
“Buluu.”
“Buluu ipi?”
Nikatafuta. Nikasema, kama lile jagi la mama yako.
Akacheka kidogo, akaketi, akaigeuza bahasha
akaanza kusoma bili ya umeme.

Simu ikatetemeka mezani. Brantley:
nyama iliyogandishwa, Grand Island, saa kumi na mbili na nusu,
na alama ya kidole gumba, kana kwamba nimekwisha kubali.
Nimevaa buti.

Orval alisema nikae na ufunguo mpaka Alhamisi.
“Ukiwa hutaki, utie kwenye sanduku la barua.
Usibishe hodi.”

Sasa theluji imeamua.
Niko ndani ya 4417, mikono yote miwili kwenye usukani,
macho mbele, kama kamera inavyopenda.
Ufunguo uko mfuko wa suruali,
na kila nikikanyaga breki
meno yake yananichoma pajani.
Leo ni Jumanne.