Robo Saa kwa Robo Saa

Saa mbili usikojoe, amesema Sista Wioletta,
na kila robo saa ugeuke:
chali, ubavu, kifudifudi, ubavu wa pili,
dawa ipate kulamba kila pembe ya kibofu.

Bogumił anageuka. Kitanda kinalia.
Nje, Łódź imefunikwa na mvua ya barafu,
na dohani la kiwanda alikofanya kazi
halitoi tena chochote.
Miaka thelathini na mmoja aligeuza vitambaa
ndani ya mapipa yanayochemka,
bluu ya sare za jeshi, nyekundu ya bendera,
akirudi nyumbani akipenga kamasi za zambarau,
na Zenobia akicheka: leo mmemvika nani?
Hakuna aliyewaambia kwamba rangi haitoki.
Kwamba inashuka, inatulia chini, inasubiri uzee.

Ubavu wa kushoto.

Kwenye bomba la sindano aliona maji ya ukungu tu,
kama yaliyosuuza kikombe cha maziwa.
Vijidudu, alieleza daktari. Hai.
Vililishwa viazi na nyongo, kizazi baada ya kizazi,
mpaka vikasahau kuua.
Ukoo wa kifua kikuu, ila tawi lililofugwa.

Kifua kikuu anakijua. Kiliingia kwao
majira ya baridi ya hamsini na nne,
kikalala kitandani kwa dada yake Halszka,
kikala kwa kijiko chake, kikakohoa kwa sauti yake,
na mama akachemsha shuka mpaka Machi,
mpaka zikakosa wa kuzilalia.
Leo nikifungulie mlango mimi mwenyewe?

Kifudifudi.

Walinzi wako hawajafa, daktari alisema. Wamesinzia.
Saratani imevaa sare yao, inajua majina yao,
inapita getini ikisalimia.
Basi tunatuma mgeni mchafu, mwenye kelele,
agonge mabati. Wakiamka kumfukuza yeye
huenda wakamwona na yule mwingine.
Huenda, alirudia,
na Bogumił akamheshimu kwa neno hilo.

Usiku homa huja. Meno hugongana,
mwili mzima ukaenda kama cherehani,
na Zenobia, badala ya kulia, husoma digrii kwa sauti,
thelathini na nane, na nusu,
kama mtu anayesikia hatua ngazini
na hajui bado ni za nani.

Ubavu wa pili. Saa mbili zimetimia.
Anaketi chooni, anakojoa moto,
anamwaga nusu chupa ya klorini, anafunika,
anasubiri robo saa nyingine, kama alivyoagizwa.
Wiki ya nne kati ya sita.
Vidole vyake vimepanda begani vyenyewe,
kwenye kovu la chanjo, lile la shuleni,
lililokuja miezi mitatu baada ya Halszka.

Mmechelewa, anauambia mfuniko,
bila hasira,
halafu anavuta maji.