Chenga

Ghorofa ya tatu, Luthuli, mlango usio na jina,
meza yangu upana wa mkeka wa mtu mmoja.
Hapo Nduku akatua mfuko wa unga,
na ndani yake mashine ya gemu, rangi ya meno ya mvuta sigara,
padi mbili, moja waya umetafunwa.
"Ni ya kwetu, Umoja. Nataka ionekane vizuri, fundi.
Runinga mpya inaikataa, inasema hakuna mawimbi."

Parafujo nne. Ya tano ilijificha chini ya karatasi ya dhamana,
dhamana ya miezi sita, iliyokufa mwaka tisini na tano.
Juu ya saketi mende mmoja mkavu,
kama bawabu aliyesahauliwa kulipwa.

Wateja huwaeleza hivi:
picha huzaliwa safi, kwenye chipu.
Kisha hupelekwa kijisanduku cha bati,
huvishwa mawimbi, hufundishwa kujifanya kituo cha runinga,
hupita waya wa antena hadi sebuleni
na kufika imechoka, imechanika, imejaa chenga.
Mimi huikatia njia.

Mguu wa ishirini na moja.
Hesabu kutoka kwenye alama, zunguka, usikosee,
wa pili yake ana umeme.
Nikayeyusha lehemu, nikaunyanyua polepole
ukasimama hewani kama kidole cha mtoto anayejua jibu.
(Ukiuacha ubaoni hudaka umbea wa majirani,
na picha hutoka na nondo, wima,
kama dirisha la duka la usiku.)

Transista moja. Rezista ya omu sabini na tano.
Kapasita niliyoichomoa kwenye redio ya mtu ambaye hakurudi.
Saa tisa stima ikapotea.
Spika za maduka yote zikanyamaza kwa mpigo mmoja,
nikasikia, nadhani mara ya kwanza mwezi ule,
viatu vya watu.
Halafu jenereta zikaanza kubweka, moja ikiiamsha nyingine.

Alhamisi akarudi. Nikawasha.
Bluu. Bluu tupu,
ukingo wa kila tofali umekatwa kwa wembe,
kijitu kinaruka na unaona hata mshipi wake.
Nilingoja kusifiwa, sisemi uongo.
Nduku akainamia kioo.
"Mvua iko wapi?"

Mvua gani?

"Ilikuwa inanyesha. Siku zote.
Mimi na Musembi tulikuwa tunamkimbiza huyu mtu
afike kwake kabla hajalowa.
Hiyo ndiyo ilikuwa gemu."

Sikucheka.
Chenga za mchele hupepetwa wakapewa kuku,
chenga za mchezaji humvunja beki kiuno,
za runinga nimezila riziki, miaka kumi na tisa nikiziua,
na hakuna aliyewahi kuniambia
zilikuwa hali ya hewa.

Akampigia Musembi, yuko Doha, analinda ghala.
Akamgeuzia simu aone.
Sauti ikakatika, ikarudi:
"Nani amezima mvua?"

Naweza kuirudisha?
Kijisanduku cha bati sikukitupa, mimi situpi kitu.
Swichi ya shilingi thelathini, tundu dogo ubavuni,
juu kweupe, chini kunanyesha.
Ila runinga mpya haijui kulowa,
kwa hiyo akaondoka pia na ile yangu ya chogo, inchi kumi na nne,
kijana wa mkokoteni akiteremka nayo kinyumenyume,
ngazi kwa ngazi, akitutukana kwa upole.

Kwenye risiti niliandika:
Kusafisha picha, elfu moja na mia tano.
Runinga, elfu mbili.
Mstari wa tatu kalamu ikasimama kidogo.
Nikaandika: swichi.